Nyuki Nisiowafuga

Wewe uliyenicheka wiki iliyopita, vuta kiti kabisa. Ya leo hayachekwi kwa kusimama.

Kama hukuwepo, nakupa kwa kifupi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu. Ili nivuke mwaka ni lazima nifanye mafunzo kwa vitendo mahali fulani, wiki nane, na kabla ya hapo fomu yangu ya kupokelewa igongwe muhuri wa hapo mahali. Nilipata nafasi kwenye kiwanda cha sabuni. Siku ya tatu niliinama kupima pipa la kuchanganyia, mita yangu ya chuma ikaniponyoka mfukoni, ikatumbukia. Tuliisaka mchana kutwa. Ilipatikana baadaye katikati ya mche wa sabuni, nyumbani kwa mteja.

Siku alipoirudisha nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Basi hapo ndipo tulipoachana: mimi nje ya geti la kiwanda, fomu mkononi, muhuri hakuna, na mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa ya wiki inayofuata.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu anayesimamia mafunzo. Sisi tunamwita Vipimo, kwa sababu hata salamu yako anaipima kwanza ndipo aijibu.

"Shikamoo mwalimu."

Akaipima. "Marahaba. Umekuja kunawa mikono?"

Habari ya sabuni ilikuwa imefika kabla yangu.

"Naomba unitafutie nafasi nyingine, mwalimu."

"Sina. Nina orodha ya kampuni kumi na mbili, na zote siku hizi hazitaki barua. Zinataka kumwona mtu mtandaoni. Katengeneze tovuti yako. Useme wewe ni nani, umeunda nini, unapenda nini. Uniletee anwani yake keshokutwa nizitumie zote."

"Na nisipoleta?"

"Tutaonana mwakani. Darasa lilelile, kiti kilekile."

Nilitoka mle ofisini maji yamenifika shingoni. Mimi nipe injini nitaifungua na kuifunga, na vikibaki vipande viwili mezani nitakwambia havikuwa na kazi. Lakini tovuti sikuwahi kutengeneza hata ukurasa mmoja.

Nikamwendea mwenzangu wa chumba. Yeye anasoma kompyuta na anajiita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, hakuna aliyemsaidia.

"Kwa nini uumize kichwa?" akasema bila kuinuka kitandani. "Tovuti za wanafunzi waliomaliza zamani bado zipo kwenye mashine za idara. Tunachagua moja, tunanakili yote, tunabadilisha jina, picha na namba ya simu. Nusu saa umekwisha kuwa mtu."

"Huo si wizi?"

"Wewe ripoti yako ya springi uliipata wapi?"

Lazima nieleze jambo hili, la sivyo utanifikiria vibaya kuliko ninavyostahili. Chuoni kwetu ripoti za maabara zinarithiwa. Wa mwaka wa tatu anampa wa mwaka wa pili, naye anamwachia anayemfuata. Hiyo ripoti ya springi imezunguka bwenini miaka saba, na doa la chai la mwenyewe wa kwanza linatolewa fotokopi pamoja nayo. Kuna mwaka mwanafunzi mmoja alilifuta lile doa, mwalimu akamuuliza mbona kazi yake haijakamilika. Hakuna anayeita wizi. Tunaita urithi.

Basi tukarithi tovuti.

Tulichagua ya dada mmoja aliyemaliza miaka mitano nyuma. Ilikuwa nzuri, imepangika, kurasa zake zinafunguka upesi. Juu kulikuwa na picha yake amevaa kofia nyeupe yenye wavu uliofunika uso mzima. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichoona ni ukingo wa ile kofia: utepe wa kijani, umeshonwa kwa mkono, pindo kubwakubwa, tena umepinda upande wa kushoto. Nikasema moyoni huyu dada angemletea mama yangu aishone upya. Nikafuta picha yake, nikaweka yangu niliyovaa tai ya kuazima.

Jina nikabadilisha. Kazi nilizounda nikaweka zangu, zilikuwa mbili na nusu. Tukafika kwenye ukurasa wa "Ninayoyapenda."

Hapo nilijiandikia mwenyewe. Niliandika mistari minne, bado naikumbuka: "Napenda cherehani. Mama yangu ni fundi wa kushona nguo. Tangu nikiwa na miaka tisa mimi ndiye ninayemtengenezea cherehani yake. Ugonjwa wake naujua kwa kuisikiliza tu."

Nikamsomea Mtaalamu. Alicheka mpaka akashuka kitandani.

"Injinia mzima unapenda cherehani! Watakupa kazi ya kupindia mapazia ya ofisi."

"Sasa niandike nini?"

"Acha ya huyu dada. Tazama: anafuga nyuki. Umesikia? Nyuki! Kampuni ikisoma watu sabini wanaopenda mpira na muziki, halafu ikamkuta wa nyuki, itamsahau?"

Nikafuta mistari yangu minne kwa kidole kimoja. Nawaambia ukweli kwa kuwa safu hii niliifungua ili niseme ukweli: niliona aibu watu wajue natoka nyumba ya cherehani. Nikaacha maneno ya yule dada kama yalivyo. "Napenda nyuki. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu, aliyenisimamisha mbele ya mzinga nikiwa na miaka sita, akaniambia nitulie nisikilize."

Chini yake kulikuwa na ukurasa mwingine mrefu, "Jinsi ya kuhamisha nyuki walioingia ndani ya mtambo." Sikuusoma. Nikahakikisha tu kwamba picha yangu inaonekana juu yake, tai imenyooka.

Vipimo aliitazama siku ya pili, akapandisha nyusi moja, akaituma kwa kampuni zote kumi na mbili.

Wa kwanza kunipigia simu hakutoka kampuni yoyote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mdogo wako amenisomea mambo yako ya mtandaoni. Nimewaita na wateja waliokuja kuchukua nguo, wamesikia wote."

"Ahsante mama."

"Umependeza kwenye picha. Hiyo tai ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

"Mrudishie safi. Nyuki wapo wapi, mwanangu?"

"Mama, ile ni lugha ya kitaalamu."

"Wewe uliyelia siku nzi alipoingia kwenye uji?"

"Nilikuwa mdogo, mama."

"Ulikuwa kidato cha pili." Nikasikia cherehani yake ikisimama. Mama yangu akiongea na simu huwa hasimamishi cherehani. "Umesema mama yako ndiye aliyekufundisha. Nimefurahi umenitaja. Wale wateja wananiuliza asali iko wapi, nimewaambia msimu bado." Akacheka, lakini kicheko kifupi. "Na cherehani je? Hukuona pa kuiweka?"

"Nafasi ilikuwa ndogo, mama."

"Haya, baba. Nafasi ikiwa ndogo utafanyaje."

Akakata. Roho ikanisuta. Mama yangu hajawahi kuuona mzinga ila kwenye kalenda.

Simu ya pili ilikuja Jumanne.

"Naongea na yule wa nyuki?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea penye mashine.

"Ndiyo, mimi," nikajibu kabla akili haijafika.

"Hapa ni kituo cha kusukuma maji. Mimi ndiye bosi wa hapa. Nimeletewa vijana sabini na wote wananiambia wana bidii. Wewe peke yako ndiye ninayekuhitaji. Njoo kesho saa mbili, uje na fomu yako."

Nikamkumbatia Mtaalamu. Nilidhani nimeitwa kwa zile kazi zangu mbili na nusu.

Jumatano saa mbili kasoro nilikuwa getini, tai imerudi shingoni. Bosi alikuwa mzee mfupi mwenye mwendo wa haraka, na gari lake jeupe lilikuwa limeegeshwa kivulini, linang'aa. Pembeni yake alisimama jitu la mtu katika ovaroli ya bluu, Fundi Mkuu wa kituo, ameshika karatasi zilizobanwa pini. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa na picha yangu.

"Karibu, injinia," Fundi Mkuu akasema kwa heshima iliyonitia wasiwasi. "Nimeisoma kazi yako yote. Mara mbili."

Wakanipeleka kwenye chumba cha pampu. Pampu namba moja ilikuwa inanguruma. Pampu namba mbili ilikuwa kimya, na ukutani nyuma yake palikuwa na kabati la chuma la swichi zake, urefu wa mtu. Kwenye tundu la kupitishia nyaya nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kama watu wa sokoni.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Wiki ya tatu hii," Bosi akasema. "Hakuna anayethubutu kulifungua. Nusu ya mji inapata maji siku moja moja. Kila nikienda nyumbani mke wangu ananiuliza mimi ni bosi wa nini. Watoe nyuki, pampu iwake, muhuri wako uko mezani kwangu."

Nikapiga moyo konde nipasue jipu palepale. "Bosi, kuhusu hao nyuki, kuna jambo napenda kusema..."

"Sema nao wenyewe! Napenda mtu anayeingia kazini bila porojo." Akanipiga bega, akatoka, akafunga mlango.

Nikamgeukia Fundi Mkuu. "Mzee wangu, ukweli ni kwamba mimi..."

"Najua," akanikatiza. "Umeandika hapa." Akainua karatasi akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Hatua ya kwanza. Tulia. Ukiwa na hofu usiifiche, itaje, halafu uendelee.' Ndiyo hiyo unaifanya, sivyo? Unaitaja hofu. Ahsante, injinia. Umekwisha itaja. Hatua ya pili!"

Msomaji, umewahi kuamriwa na maneno yako mwenyewe, na hata si yako? Hakuna pa kukata rufaa.

Hatua ya pili ilikuwa nguo nyeupe. Wakaniletea ovaroli ya mpaka rangi, kubwa, mifuko sita, na chandarua nikafungwa kichwani kwa kamba ya viatu. Hatua ya tatu ilikuwa moshi. Fundi Mkuu akanikabidhi kopo lenye vipande vya gunia vinavyofuka.

Kitu kimoja nilikifanya kwa akili yangu, naomba kihesabiwe. Nilikataa kugusa kabati mpaka umeme ukatwe kwenye swichi kuu ya chumba cha pili na mtu asimame pale aulinde. Fundi Mkuu akapekua karatasi.

"Mbona hili hujaliandika?"

"Nimeliongeza sasa hivi."

Akatoa kalamu, akaliandika pembeni.

Nikajikaza kisabuni, nikafungua mlango wa kabati. Ndani hakukuwa na swichi. Kulikuwa na nyuki tu, wamening'inia juu mpaka chini, wanatembea juu ya wenzao. Sauti yao niliisikia kwenye meno.

"'Hatua ya nne!'" Fundi Mkuu alikuwa anasoma kutoka dirishani, nje, dirisha limefungwa. "'Mtafute malkia. Ni mrefu kuliko wenzake na hana haraka.' Umemwona?"

"Wote wana haraka!"

"'Hatua ya tano. Ukimpata malkia, mtoe yeye kwanza kwa upole, na wengine watamfuata popote aendako.' Injinia, mtoe kwa upole!"

Nikapuliza moshi. Fungu moja la nyuki, kiasi cha kujaa bakuli, likaachia juu ya kabati likaniangukia kifuani. Wengine wakabaki juu, wengine wakateremka, na kiasi fulani, bila kuniuliza, wakaingia mfuko wa kushoto wa ovaroli.

Hapo mmoja akapita chini ya chandarua. Akaniuma mdomo wa juu, na mwingine mgongoni.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka jua, geti, watu wakitawanyika, na sauti ya Fundi Mkuu ikinifuata nyuma: "'Hatua ya sita! Usikimbie! Hata wakikuuma, usikimbie!' Injinia! Umeandika usikimbie!"

Nilikimbia mpaka penye kivuli. Nikavuta zipu, nikachomoka ndani ya ovaroli, nikaitupa kwenye kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yangu, nikajificha nyuma ya tangi. Kitu hicho kilikuwa gari la Bosi.

Nilichungulia baada ya muda nikiwa nimebaki na shati, tai na mdomo uliovimba. Kwenye mlango wa chumba cha pampu nyuki walikuwa wanatoka kwa maelfu, hewa imekuwa nyeusi, na wote walikuwa wanakwenda upande mmoja. Wakatua juu ya ile ovaroli. Wakaenea kwenye boneti, kwenye kioo, kwenye vioo vya pembeni. Baada ya robo saa hukuweza kusema lile gari lilikuwa la rangi gani.

Nikajua mafunzo yangu yamekwisha kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Fundi Mkuu akaja mbio, karatasi mkononi, macho yamemtoka. "Malkia!" akapaza sauti. "Alimtia malkia mfukoni! Kijana amemtoa malkia kwa nguo yake mwenyewe, na wengine wamefuata, kama alivyoandika!"

Bosi alikuwa amesimama barazani anatazama gari lake. Akatazama chumba cha pampu, kisha gari tena.

"Kabati ni tupu?" akauliza.

"Tupu, bosi! Limebaki nta tu."

"Basi gari litasubiri. Washeni pampu."

Umeme ukarudishwa. Fundi Mkuu akabonyeza kitufe. Pampu haikuwaka. Ndani ya kabati kukasikika mlio mkavu wa haraka, trrrr, trrrr, kisha kimya. Akabonyeza tena, mlio uleule.

"Mota imeungua," Fundi Mkuu akasema kwa huzuni. "Wiki tatu zote hizi, kumbe mota."

Lakini mimi ule mlio niliujua. Niliwahi kuusikia mara nyingi nikiwa nimekaa sakafuni chini ya meza ya mama. Cherehani yake ikishikwa na vumbi la nyuzi kule ndani, inataka kushika, haishiki, inatetemeka. Ukisikia hivyo huhitaji kununua kitu, unahitaji kusafisha.

"Kateni umeme tena," nikasema kwa mdomo mnene.

Nikafungua ile swichi ya sumaku inayowasha pampu. Inatakiwa igandane chuma kwa chuma, na katikati palikuwa na nta, unene wa ukucha. Nikaikwangua kwa njiti ya kiberiti, nikafuta kwa ncha ya tai ya rafiki yangu, nikafunga. Fundi Mkuu akabonyeza.

Pampu namba mbili ikanguruma mpaka vioo vikatikisika. Wafanyakazi wakapiga makofi. Bosi alinikamata mkono hakutaka kuuachia.

"Umejuaje si mota?" Fundi Mkuu akaniuliza sikioni. "Mimi nina miaka ishirini na mbili humu. Umejuaje?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Watu walikuwa wananitazama kama injinia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Uzoefu," nikasema.

Mara ya pili hiyo kuikana cherehani ya mama.

Bosi akatupeleka barazani, palipokuwa na meza, na kutoka pale gari linaonekana lote na mzigo wake. Akaweka fomu yangu mezani, akaisoma, akatia sahihi. Akafungua kisanduku cha wino.

"Nimeita mtu aje kuwachukua hao wa kwenye gari," akasema huku akiubonyeza muhuri kwenye wino. "Kuna dada anafuga nyuki, ana masanduku yake. Huyo hapo amefika. Naye wanasema alisoma uhandisi, mtaongea lugha moja."

Gari dogo la mizigo lilikuwa limeingia getini. Akashuka dada mrefu, mtulivu, akalitazama gari la Bosi, akatabasamu kwa kuwapenda wale nyuki. Akarudi kwenye gari lake, akachukua kofia, akaivaa.

Kofia nyeupe. Ukingoni utepe wa kijani, umeshonwa kwa mkono, pindo kubwakubwa, umepinda upande wa kushoto.

Nikatafuta pa kuingilia mitini, lakini nyuma yangu palikuwa na ukuta, mbele yangu meza.

"Kazi safi," akasema alipopanda barazani, wavu bado ameuinua juu ya uso. "Nani amewatoa bila kuwaua?"

"Huyu hapa!" Fundi Mkuu akanipiga mgongoni, palepale nilipoumwa. "Kijana wetu. Na hakubahatisha, dada, ameiandika yote. Soma mwenyewe."

Akampa zile karatasi.

Nilimtazama akisoma. Alisoma hatua ya kwanza, macho yakasimama. Akafunua karatasi ya nyuma, ile ya "Ninayoyapenda," akaisoma polepole. Akaitazama picha yenye tai, kisha akanitazama mimi na tai yenye nta. Nilisubiri apige kelele. Hakupiga, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi kuliko mbele ya kabati.

"Umeandika vizuri sana," akasema. "Hasa hapa." Akaweka kidole, akasoma bila kuhitaji kutazama: "'Nilifundishwa na mama yangu, aliyenisimamisha mbele ya mzinga nikiwa na miaka sita, akaniambia nitulie nisikilize.'" Akaikunja karatasi. "Hebu tuambie habari za mama yako."

"Naam, tuambie!" Fundi Mkuu akaitikia. "Mama shujaa huyo."

"Atuambie upesi nigonge," Bosi akasema, muhuri umeinuliwa.

Ilihitajika sentensi moja tu ya uongo. Mama mmoja, mizinga miwili, kijiji cha mbali, na muhuri ungeshuka. Keshokutwa ni Ijumaa. Bila muhuri narudia mwaka, na mama anashona mwaka mwingine mzima kwa ajili yangu.

Halafu nikaikumbuka ile simu. Cherehani imesimama, na mama yangu ananiambia amefurahi nimemtaja.

"Mama yangu ni fundi cherehani," nikasema. Kwa ule mdomo ilitoka vibaya, nikarudia. "Anashona nguo. Hajawahi kuona mzinga, na akiwaona hao wa kwenye gari atakimbia kunishinda mimi. Ile pampu niliijua kwa sababu ililia kama cherehani yake. Maneno ya kwenye karatasi ni ya huyu dada. Huyo mama ni mama yake. Mimi nilibadilisha jina na picha."

Fundi Mkuu alizitazama karatasi zake, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta pale alipodanganywa. Yule dada aliushusha wavu usoni, na sikuweza tena kuona anafikiri nini.

Muhuri ulibaki hewani, upana wa kidole kutoka kwenye fomu. Bosi hakuugonga, wala hakuurudisha kwenye wino. Akamgeukia yule dada.

"Wewe ndiye mwenye maneno," akamwambia. "Nigonge, nisigonge?"